Sura ya Nane: Flenja Haikupumzika

Saa saba kasoro dakika kumi mchana, Sajenti Hamida aliweka vitu vitatu mezani: mashine ya marehemu, jalada la kesi, na saa yake ya mkononi. Saa aliilaza juu ya jalada, uso wake ukimwelekea Anyesi.

"Jalada hili linaondoka hapa saa nane na nusu," alisema. "Likishafika kwa mwendesha mashtaka, mimi sina tena mkono. Na saa kumi shemeji zako wanamzika mumeo kule Ihumwa. Wametuma neno kwamba hawakungoji. Kwa hiyo, dada Anyesi, usinipotezee hata dakika."

Anyesi alikuwa ameshalala mahabusu siku tatu. Kitenge kilikuwa kilekile cha Ijumaa, kimekunjika kama karatasi iliyotoka mfukoni.

"Nilishasema. Niliingia, nikamkuta chini. Mashine inaimba. Nikaizima, ndipo nikapiga yowe."

"Inaimba na nani?" Aliyeuliza ni Inspekta Damas, mkuu wa Hamida, aliyesimama mlangoni na kalamu sikioni.

"Peke yake, afande."

Damas alimtazama Hamida kama mtu anayemwonyesha mwenzake sahani tupu. Umeona?

Na hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa imekwama. Mtaa wa Makole bwana, ukikohoa chumbani kwako, jirani wa nyumba ya tatu anakuletea tangawizi. Karakana ya Sila, mume wa Anyesi, ilikuwa uani, mabati juu, dirisha bila kioo. Sila akifanya kazi, mtaa mzima ulijua, kwa sababu zile mashine zake za muziki zilikuwa zinalia kutwa. Ijumaa ile sauti ilianza saa nne na nusu asubuhi, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, mpaka saa sita na dakika ishirini. Saa hiyo mkewe alishuka kwenye bodaboda na mfuko begani, akaingia. Sauti ikakatika. Yowe likafuata. Watu kumi na mmoja waliandika maelezo polisi, na wote kumi na mmoja walisema neno moja: alipoingia mke, ilinyamaza.

Mashine ikilia, Sila yuko kazini. Ikinyamaza, Sila hayupo. Nani wa kubishana na hesabu hiyo? Daktari alikuta kisogo kimepasuka kwa ukingo wa jiliwa, lile chuma zito la kubania vitu lililofungwa kwenye meza ya kazi. Muda wa kufa akauweka kati ya saa tatu na saa sita na nusu. Wavu mpana wa kunasa samaki wote.

Hamida mwenyewe alishapoteza Jumamosi nzima kwa Ikram, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyewahi kuapa mbele ya watu kwamba siku moja angeivunja ile mashine kwa nyundo. Kumbe Ijumaa Ikram alikuwa harusini Kondoa, na picha thelathini za kumshuhudia. Katika zote alikuwa anakula.

"Nieleze hiki ni nini," Hamida alisema, akaigonga mashine kwa kidole. "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni."

Lilikuwa bamba la bati jembamba lenye vitufe vinne, limefungwa ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na mabamba mengine mawili, nyaya za rangi zikichomoza huku na kule. Koplo Halfani, mtunza vielelezo, alikaa pembeni na daftari lake. Hakumruhusu Anyesi kugusa kitu.

"Mikono juu ya meza, mama. Elekeza kwa mdomo."

"Sinthesaiza ya Sila si kitu kimoja," Anyesi alianza. "Ni vipande. Kila kipande kina kazi yake, unaviunga kwa nyaya upendavyo. Hiki cha katikati kinaitwa flenja. Kinapokea sauti na kuigawa mbili. Moja inapita moja kwa moja. Nyingine inacheleweshwa kidogo, kidogo sana, halafu zinakutana. Zikikutana ndiyo unasikia ule mvumo unaozunguka, kama upepo kwenye bomba."

"Inacheleweshwa na nini?"

"Kuna kidude cheusi ndani, kina miguu kama mdudu. Sauti inapita humo kama ndoo za maji kwenye mstari wa watu, huyu anampa yule, yule anampa yule. Wakipokezana haraka, sauti inawahi. Wakizubaa, inachelewa."

"Na kuimba?" Damas aliingilia. "Hao wenye ndoo ndio wanaimba?"

"Ni skrubu ya tatu, afande. Geuza kisanduku, nyuma kuna skrubu tatu ndogo za kusetia. Ya kwanza inasafisha sauti isikwaruze. Ya pili inapanga mwendo wa ndoo. Ya tatu ni ya marejeo. Sauti ikishatoka, inarudishwa kidogo mlangoni ipite tena. Ukirudisha kwa kiasi, muziki unanoga. Ukizidisha, mashine inaanza kujisikiliza yenyewe. Inalia bila mtu."

"Na kupanda na kushuka?"

"Kile kibamba cha kushoto. Kinawaharakisha wenye ndoo na kuwapunguza, zamu kwa zamu. Hakitaki mkono."

"Washa," Hamida alimwambia Halfani.

Halfani alichomeka waya ukutani, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Spika ikatoa mchakariko mwembamba, kama mafuta kabla vitunguu havijaingia.

Basi. Hakuna wimbo.

Damas alisubiri kama dakika mbili hivi, kisha akacheka, wala si kwa ubaya. "Sajenti, wewe mchapakazi. Lakini mtu amekufa, na sisi tunasikiliza friji." Aliitoa kalamu sikioni. "Saa nane na nusu."

Mlango ulipofungwa, Anyesi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Ni baridi," alisema.

"Nini?"

"Mashine. Imekaa stoo yenu siku tatu. Sila hakugusa skrubu hata moja kabla ya nusu saa. Alikuwa anasema mashine iliyowashwa sasa hivi ni kama mgeni ambaye hajala, tabia yake bado huijui. Ikipata joto ndani, marejeo yanapanda yenyewe." Aliinua uso. "Iache. Nakuomba, afande. Iache iwake."

Hamida aliitazama saa juu ya jalada. Saa saba na dakika tatu. Nusu saa ni theluthi ya muda wote aliokuwa nao. Angeweza kuitumia kumbana huyu mwanamke mpaka apasuke, na hivyo ndivyo Damas angefanya.

"Iache," alimwambia Halfani. Kisha akawasha tochi ya simu, akainama nyuma ya kisanduku.

Skrubu tatu zilikuwa pale, ndogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mbili zilikuwa na tone jekundu juu yake, limekauka vizuri. La tatu lilikuwa limepasuka katikati.

"Hii rangi nyekundu?"

"Rangi yangu ya kucha. Akimaliza kuseti anatia tone moja juu ya kila skrubu, isicheze. Aliziba zote Jumatano jioni. Nilimshikia taa."

"Jumatano. Halafu Ijumaa anaseti nini?"

"Ndicho ninachojiuliza huko ndani usiku kucha."

"Bosi wangu atasema rangi ni yako, basi na kuivunja umevunja wewe."

"Atasema."

"Ijumaa ulitoka wapi?"

"Mlali. Nilipeleka ilimba ya Sila, ile ala ya vijiti vya chuma inayogongwa kwa vidole gumba, kwa fundi wake, mzee Sostenes. Ule utando wa buibui unaoziba tundu lake ulichanika, na bila utando ilimba haivumi, inakuwa kama bati tu. Nililala huko kwa dada yangu, nikarudi na basi la asubuhi."

Namba ya Sostenes ilikuwa kwenye simu ya Anyesi, na simu ilikuwa kwenye daftari la Halfani. Hamida alipiga, akaweka sauti wazi.

"Shikamoo mzee. Ni polisi Dodoma."

"Marahaba. Polisi? Mimi nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu. Ilimba ya Sila uliipokea lini?"

"Alhamisi mchana. Nikaifanya Ijumaa alfajiri, maana buibui wangu nawatafuta na umande. Mwanamke akaichukua saa tatu hivi, akapanda basi. Mbona? Inavuma vibaya?"

"Sila alikuwa na ilimba nyingine?"

Mzee alicheka kwa mbali. "Sila? Binti yangu, ile ilimba ilikuwa ya babu yake. Wengine wana wake wawili, yeye hata ilimba mbili hakutaka."

Hamida alishukuru, akakata. Saa saba na robo. Spika bado ilikuwa inakaanga mafuta yake.

Mlango ukagongwa. Akaingia mama Tabu, muuza chapati wa kona ya karakana na shahidi namba moja kati ya wale kumi na mmoja. Alikuwa amebeba kikapu, kwa sababu mama Tabu hakuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, hata ikiwa nyumba yenyewe ni kituo cha polisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa nyumbani hawajambo? Nimekuletea mbili za moto, umekonda. Koplo naye..." Akamwona Anyesi. Maneno yakaisha.

"Shikamoo mama Tabu," Anyesi alisema.

Mama Tabu alikaa kiti cha mbali kabisa. "Mimi nilisema nilichosikia."

"Sijakulaumu."

"Usinisemeshe kwa upole hivyo. Nitukane, nipumue."

"Hakuna wa kutukanana hapa," Hamida alisema. "Mama, nimekuita usikilize kitu. Bado hakijaanza. Kaa."

Wakakaa. Watu wanne, meza moja, taa nyekundu moja. Feni ilikuwa imezimwa ili pasiwe na kelele, na joto la Dodoma la saa saba liliwakalia vichwani. Jasho lilimtoka Halfani puani, likadondoka juu ya daftari. Saa saba na ishirini. Saa saba na dakika ishirini na tano. Anyesi alikuwa amefumba macho. Mama Tabu alifungua mdomo mara tatu kutaka kusema neno, na mara tatu Hamida akamwinulia kidole.

Saa saba na dakika ishirini na tisa, mchakariko wa spika ulibadilika. Hakuna aliyesogea. Ilikuwa kama kitu kinavuta pumzi nyuma ya ukuta. Kisha sauti nyembamba ikachomoza, ikakua, ikapanda mpaka juu, ikageuka, ikaanza kushuka.

Kalamu ilimponyoka Halfani. Alitazama mikono ya Anyesi. Ilikuwa juu ya meza, viganja wazi.

"Lahaula," Halfani alisema.

Ikapanda tena. Ikashuka tena.

"Ndiyo hiyo!" Mama Tabu alikuwa amesimama. "Ndiyo hiyohiyo! Wallahi ndiyo ya Ijumaa!"

"Kaa, mama. Sikiliza vizuri. Siku nyingine, Sila akiseti mashine, ilikuwa inalia hivi?"

"Ndiyo... hapana. Ngoja." Mama Tabu alifumba jicho moja. Mtu aliyekaa kona moja miaka kumi na tatu ana maktaba kichwani. "Sila akiseti, inalia kidogo, ng'wiii, halafu kimya. Anagonga ilimba, ting. Kimya. Anakohoa. Ng'wiii tena. Anatukana kidogo kwa Kigogo. Ting. Anaimba kidogo. Nusu siku inakwenda hivyo, unaweza ukamtupia jiwe."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ilikwenda kama cherehani. Haikupumzika. Nikamwambia hata mteja, leo Sila anakimbizwa na mkopo."

"Ilimba uliisikia?"

Mama Tabu alifungua mdomo kujibu, ukabaki wazi. Mashine ilipanda, ikashuka.

"Hakukuwa na ilimba," alisema polepole. "Hakukohoa. Hakutukana. Mungu wangu. Karibu saa mbili nzima, na mtu hakukohoa hata mara moja, na mimi nipo pale nakanda unga!" Akajishika mashavu. "Na nilitaka kumpelekea chai! Nikamwuliza yule Stanley wa studio, alipokuwa anatoka, nimpelekee rafiki yako chai? Akaniambia mwache mama, anaseti, hataki kuitwa."

"Stanley alitoka saa ngapi?"

"Sauti ndiyo ilikuwa imeanza."

Mama Tabu aligeuka, akaiona tena mikono ya Anyesi mezani. Alifungua kikapu, akatoa chapati, akazisukuma mbele yake bila kumtazama usoni. Anyesi alizitazama tu. Hakuzigusa, Halfani hajasema.

"Kula, mama," Halfani alisema.

Damas aliporudi alisikiliza mashine dakika nzima, mikono kiunoni. Hakuwa mjinga, hakupenda tu kukimbizwa.

"Sawa, inaimba. Lakini hakimu hatauliza kama inaimba. Atauliza nani aliiimbisha. Sila mwenyewe angeweza kuiacha inalia, akae pembeni anywe maji, mke aingie amsukume."

"Sila hakuacha skrubu ya tatu ipite kiasi. Alishaiziba."

"Kwa maneno ya mtuhumiwa."

"Na Stanley alimzuia mama Tabu asiingie."

"Stanley alikuwa ukumbi wa Chimwaga saa tano, kwenye mkutano wa wadhamini. Watu hamsini walimwona akionyesha mchoro wa hiyo mashine yake. Amesaini daftari la getini."

"Saa tano, afande. Mimi nataka saa nne."

Damas alitazama saa yake. Saa saba na dakika arobaini. "Yuko mapokezi tangu asubuhi na barua ya kudai kielelezo. Anasema keshokutwa anapewa tuzo ya ubunifu, anakihitaji. Muulize. Lakini niletee mtu, Sajenti. Mashine siwezi kuipandisha kizimbani."

Stanley alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinaakisi feni. Alikuwa na studio karibu na Chimwaga, na mdomo uliozoea maikrofoni. Hamida alimkaribisha chumba cha pili, akamwagia maji kwenye glasi, akafunga mlango nyuma yake.

"Hongera kwa tuzo."

"Asante, afande. Ingawa kwa msiba huu, unaelewa..."

"Naelewa. Ili nikutolee kielelezo nahitaji maelezo mafupi. Mbunifu wa flenja hii ni nani?"

"Mimi. Flenja inayofuata ilimba. Hakuna nyingine duniani. Za kiwandani zinasetiwa kwa mita, hii inasetiwa kwa ilimba yenyewe, mashine inamjibu mpigaji kwa sauti zake."

"Na marehemu?"

"Fundi wangu. Mkono mzuri sana. Wazo ni langu, kuunga waya ni yeye."

"Ijumaa ulikwenda kwake saa ngapi?"

"Saa nne. Nikaondoka nne na nusu."

"Ulimwacha anafanya nini?"

"Anaseti." Stanley alikunywa maji. "Ile hatua ya mwisho."

"Anasetije? Niandikie vizuri, hakimu asinisumbue."

Stanley alitabasamu, swali lilikuwa rahisi. "Anagonga ilimba, anasikiliza, anageuza skrubu kidogo. Anagonga tena. Hivyo hivyo mpaka mashine ijibu. Ndivyo alivyofanya siku zote, muulize mtu yeyote Makole."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa. Naiona mpaka sasa, ilimba yake iko magotini. Alikuwa hataki hata kuniaga."

"Andika hayo. Saini hapa. Na tarehe."

Stanley aliandika kwa mwandiko wa kulala, akasaini kwa mkia mrefu. Hamida aliivuta karatasi upande wake.

"Swali la mwisho kwa mbunifu. Mashine hii inaweza kuimba bila mtu?"

Glasi ilisimama nusu ya safari kwenda mdomoni.

"Hapana," Stanley alisema. "Mashine ni mkono wa mtu."

Hamida alinyanyuka, akafungua mlango. Sauti ikaingia kutoka chumba cha kwanza, ikapanda, ikageuka, ikashuka. Alimwonyesha Stanley njia kwa kiganja. Mle ndani Halfani alikuwa amekaa upande mmoja wa chumba, anatafuna chapati, na kisanduku upande mwingine, kinalia. Damas aliegemea ukuta. Anyesi alikuwa benchi la nyuma, na mama Tabu alikuwa amehamia ubavuni pake.

"Nani ameigusa?" Stanley aliuliza.

"Hakuna. Iko kama tulivyoikuta Ijumaa. Tumeiwasha tu." Hamida alisimama kati yake na mlango. "Sasa nisaidie. Mbunifu asiyejua kwamba mashine yake inaimba peke yake si mbunifu. Na mbunifu anayejua, kisha akaniambia haiwezi, ananificha kitu. Wewe ni yupi?"

"Nilisahau. Marejeo yakizidi... ndiyo, inaweza. Sasa hilo linathibitisha nini? Nimekwambia nilimwacha hai. Nilimwona kwa macho yangu, ilimba magotini."

"Koplo, nisomee namba saba ya vielelezo."

Halfani alijifuta mafuta ya chapati, akafungua daftari. "Kielelezo namba saba. Ilimba moja, ya mbao, yenye utando mpya. Imekutwa ndani ya mfuko wa mtuhumiwa Anyesi pamoja na tiketi ya basi, Mlali kuja Dodoma, Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi."

Stanley alitazama daftari, akatazama karatasi mkononi mwa Hamida, saini yake ya mkia mrefu juu.

"Labda ilimba nyingine."

"Alikuwa na moja. Nawe unajua, mashine umeiita yako kwa sababu ya ilimba hiyo. Ijumaa saa nne asubuhi ilimba ilikuwa ndani ya basi, njiani kutoka Mlali. Kwa hiyo Sila hakuwa anaseti. Alishamaliza Jumatano. Wewe ulijua mtaa utasikia nini, basi ukaiacha mashine ilie, ukatunga hadithi ambayo mtaa ungeitunga."

Mashine ilipanda. Ikashuka.

"Izimeni," Stanley alisema.

"Bado."

"Izimeni, jamani!"

"Alikwambia nini?"

"Alisema anakuja." Sauti yake ilikuwa imepoteza maikrofoni. "Chimwaga. Alisema anapanda jukwaani anisimamishe mbele ya wadhamini, aseme mchoro ni wake. Nikamwambia Sila, tutaandika majina mawili. Akasema hapana, jina lako utaandika kwenye kitu chako. Akavaa koti, hata mashine aliyoiwasha asubuhi hakuizima. Nikamshika, akanitoa mkono, nikamsukuma. Nilimsukuma tu! Jiliwa liko nyuma yake, mimi nitajuaje?"

Hamida alisogea hatua moja. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulipokuwa unageuza skrubu ya tatu, alikuwa anapumua?"

Stanley alifungua mdomo. Alitazama benchi la nyuma, alipokuwa Anyesi, akaondoa macho haraka. Mashine ilipanda mpaka juu kabisa, ikakaa huko, na bado alikuwa hajajibu.

"Mkalishe," Damas alisema. Alinyoosha mkono mwenyewe, akazima swichi.

Anyesi alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake, na mama Tabu amemkumbatia kwa mikono miwili kama anazuia mlango usifunguke.

Saa nane na dakika ishirini na mbili Damas alifungua jalada, akachora mstari juu ya jina moja, akaandika jingine. Hakuomba radhi; hakuwa na mazoea. Alisema tu, "Gari ya doria ina mafuta. Dereva ni Abdulrahim, anaijua Ihumwa." Kisha akamgeukia mama Tabu. "Na wewe mama, haya uliyosikia humu ni siri ya upelelezi. Neno likitoka nje, nakuja kukuchukua na kikapu chako."

"Mimi?" Mama Tabu alishtuka kwa dhati. "Mimi, afande?"

Makaratasi ya kumwachia mtu ni mengi kuliko ya kumkamata. Saini hapa, dole gumba pale, orodha ya viatu na pochi. Walitoka kituoni saa tisa na nusu. Abdulrahim aliwasha king'ora kwenye foleni ya magari ya mizigo barabara ya Morogoro, Hamida mbele, Anyesi nyuma amekaa wima, mikono magotini. Hakulia. Aliuliza swali moja tu njia nzima.

"Watakuwa wameanza?"

"Endesha," Hamida alimwambia Abdulrahim.

Walikuwa wameanza. Saa kumi na robo vumbi la gari lilipotulia, umati wa watu mia tatu na zaidi ulikuwa umezunguka kaburi nyuma ya nyumba ya ukoo, na makoleo yalikuwa yanakwenda. Mtu wa kwanza aligeuka, wa pili akageuka, na wimbo wa kanisa ukafa mstari kwa mstari. Wanawake waliokaa kwenye mikeka walinyanyuka. Hamida aliona simu mbili tatu zikiteremshwa haraka kutoka masikioni, akajua kwamba kikapu cha mama Tabu kiliwahi kufika kuliko king'ora. Lakini nyuso zilikuwa bado zimefunga. Umbea ni umbea. Mpaka wenye msiba waseme, haujawa habari.

Thobias, kaka mkubwa wa marehemu, alichomeka koleo lake ardhini, akaja. Alikuwa mtu mrefu, amejaa udongo mpaka magotini. Alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama Hamida.

"Afande. Umemleta aage chini ya ulinzi, au umemleta?"

Makoleo yalisimama.

"Nimemleta," Hamida alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mikeka ya nyuma. "Hana kosa. Alimkuta mumewe ameshakufa. Aliyemuua tunaye, na amekiri mbele ya maofisa watatu."

Thobias aligeuka, akarudi ukingoni mwa kaburi, akatazama chini. Udongo ulikuwa umeshalifunika jeneza lote, hata msalaba wa kifuniko haukuonekana.

"Utoeni," alisema.

Vijana wenye makoleo walitazamana.

"Thobias," mzee mmoja alisema kutoka kwenye kiti, "kaburi halirudishwi nyuma."

"Tulianza bila mkewe, baba. Hatukuanza." Alivua viatu, akashuka kaburini, akachota udongo wa kwanza kwa mikono yake na kuurusha nje. "Utoeni wote."

Wawili wakavua viatu, wakamfuata. Kisha watatu. Anyesi alisogea mpaka ukingoni, watu wakimpisha kushoto na kulia. Aliinama, akajaza kiganja udongo mwekundu, akaufumba. Akasimama hapo na ngumi yake iliyojaa, akingoja mbao za jeneza zionekane.